Mtoto Niliyempita Barabara ya Marsabit



Wengi mmeniuliza safari ya Moyale ilikuwaje, nami nimekuwa nikijibu kwa kifupi: "Ilikuwa njema, Mungu alitenda." Ni kweli alitenda. Tulifundishana na watumishi wa kule siku 3, tukala pamoja, tukaombeana. Lakini sijawaambia yote. Kuna jambo lilinipata njiani nikiwa peke yangu, na kwa wiki 2 sasa kila nikishika simu niliandike, naandika jambo lingine. Leo naliandika. Chukua chai yako ukae, maana ni refu kidogo.

Kama mnavyojua, tulikuwa twende watu 3. Mzee wa kanisa akapata msiba kwao, na Mama Mchungaji akabaki kumuuguza mama yake. Basi nikatoka Nanyuki saa 12 asubuhi peke yangu kwenye ile Probox yetu. Timau ilikuwa baridi, ngano imetulia pande zote mbili, na mlima umevaa kofia yake ya mawingu. Ukifika Subuiga ukishika njia ya Isiolo, unaanza kuteremka, na joto linapanda kukulaki. Nilivua sweta kabla sijaiona Isiolo.

Isiolo nilipata pancha. Fundi alikuwa na magari 4 mbele yangu. Nilipomaliza kuziba gurudumu, kujaza mafuta, na kununua katoni 3 za maji ya semina, ilikuwa saa 4. Kumbukeni saa hiyo, kwa sababu ndiyo niliyoitumia kujitetea baadaye. Marsabit walikuwa wananingoja kwa chakula saa 7, na Moyale nilitakiwa kufungua semina saa 11 jioni. Nilikuwa nimechelewa, na mtu aliyechelewa huwa anajiona ana haki ya mambo mengi.

Kwa wale ambao hawajafika: kutoka Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500. Zamani kabla ya lami, watu walikuwa wakisafiri siku 2 au 3 juu ya malori ya mifugo, wameshikilia vyuma, vumbi hadi kwenye meno, na magari yakienda kwa msafara pamoja na askari kwa hofu ya majambazi. Leo ni lami nyororo. Unaweza kuamka Isiolo na kulala Moyale. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini barabara nzuri nayo ina majaribu yake, kama mtakavyoona.

Archers Post unavuka mto Ewaso Nyiro. Nilipunguza mwendo kidogo darajani nikatazama chini. Wapendwa, maji yale ni ya kwetu. Ule mto Nanyuki tunaouvuka kila siku bila kuutazama unakwenda kumwaga humo. Kinachotoka mlimani kinapita mashambani kwetu kwanza, na kile tunachokiacha ndicho wanachokunywa watu, ngamia na ndovu wa huku chini. Miezi ya ukame, sisi wa juu tukichota sana, wa chini hubaki na mchanga. Nilisema moyoni, "Hili litafaa kwa mahubiri," nikakanyaga mafuta.

Nikaupita mlima Ololokwe, lile jiwe kubwa lenye kichwa bapa, umesimama kando ya barabara kama meza ambayo hakuna aliyealikwa. Nikapita Sereolipi, Merille. Baada ya hapo simu ikanyamaza. Redio nayo ikaanza kukoroma, nikaizima. Nikabaki na sauti ya magurudumu tu.

Nikaanza kuomba kwa sauti. Baada ya dakika kama 5 nikajishtukia. Nilikuwa natumia sauti ya mimbarini. Napandisha, nashusha, nasubiri mtu aseme amina. Nyuma kuna katoni za maji, nje kuna ngamia wanatafuna mgunga, na mimi nahubiri! Nilicheka peke yangu. Kisha nikajaribu kuomba kama mtu anayeongea na Baba yake, na maneno yakaniishia kilomita chache tu. Hapo sikucheka. Niliona kwamba kwa miezi mingi nimekuwa nikiomba mbele ya watu, na watu wakiondoka, maombi nayo yanavaa koti yanaondoka.

Karibu saa 6 nikapita Laisamis. Jua liko utosini. Hapo unaingia jangwa la Kaisut, nchi tambarare ya mchanga na mawe, vichaka vifupi vimesimama mbalimbali kama vimekosana. Kando ya lami kuna mifupa ya mifugo, meupe kabisa. Mingine pengine imebaki tangu ule ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, mvua zilipokosa misimu 5 mfululizo na watu wakapoteza mali yote waliyokuwa nayo. Sisi mali yetu iko benki au shambani. Wao mali yao hutembea kwa miguu, na ikifa, unapita ukiiona.

Na mbele yangu, katikati ya barabara, kulikuwa na maji.

Mnayajua yale. Wazee huyaita mazigazi. Lami ikipata moto sana, hewa iliyo karibu nayo huwa nyepesi kuliko ya juu, na mwanga wa anga ukipita hapo hupinda ukakufikia machoni kana kwamba umetoka chini. Kwa hiyo unachokiona kinang'aa barabarani ni kipande cha mbingu, nawe unakiita maji. Ukikimbia, yanakimbia. Ukipunguza mwendo, yanakungoja. Hayafikiki. Nilikuwa nayatazama, na kichwani napanga: semina, halafu Jumapili, halafu kamati ya ujenzi, halafu ile hema ya watu 1,000. Mkono wa mshale kwenye dashibodi ulikuwa umefika 110.

Ndipo nikamwona mtoto.

Mvulana wa miaka 7 au 8 hivi, kitambaa chekundu kiunoni, amesimama kwenye changarawe pembeni ya lami. Mkononi ameshika chupa ya soda ya plastiki. Ameiinua juu na kuigeuza kichwa chini, ili dereva aone kwa mbali kwamba ndani hamna kitu. Hakupunga mkono wala hakupiga kelele. Alisimama tu na ile chupa.

Nikampita.

Nataka mjue sikumpita kwa kutomwona. Nilimwona vizuri. Nilimwona tena kwenye kioo cha pembeni, bado ameinua chupa, akipungua mpaka akawa kitone chekundu. Na nyuma ya kiti changu kulikuwa na chupa 72 za maji na mtungi wa lita 20.

Sababu zilikuja haraka, tena zote nzuri. Nimechelewa. Gari likiwa kasi hivi, kushika breki ghafla ni hatari. Nikisimama kwa mmoja watatokea 30 vichakani. Maji haya ni ya semina, ni ya kazi ya Bwana. Na ile kubwa kuliko zote: mwingine atasimama. Wapendwa, nimekuwa mchungaji miaka mingi, na sijawahi kuandaa mahubiri yenye hoja 5 upesi namna ile.

Lakini gari lilikuwa kimya mno. Kama kungekuwa na abiria tungeongea, tungetia huruma kidogo, tukaseme "serikali iwaangalie hawa watu," na ingepita. Kama simu ingekuwa na mtandao ningeishika. Sikuwa na chochote cha kujifichia. Na katika ukimya ule nikakumbuka habari za Hajiri.

Kasome Mwanzo 21 polepole. Hajiri hakutupwa jangwani na wapagani. Alitoka nyumbani mwa mtu wa imani, asubuhi na mapema, amepewa mkate na kiriba cha maji, akaambiwa aende. Maji yakaisha. Akamweka mwanawe chini ya kichaka, kisha akaenda kuketi mbali kidogo, umbali ambao mshale ungefika, kwa sababu hakuweza kumtazama akifa. Hajiri nilikuwa nikimwelewa siku zote, kwa kuwa ni mama aliyeishiwa. Alijitenga kwa sababu hakuwa na tone la kumpa mtoto.

Mimi nilijitenga nikiwa nayo maji.

Ndipo nikaelewa kasi ilikuwa inanifanyia kazi gani. Ilikuwa umbali wangu wa mshale. Ukienda 110, huhitaji kumkataa mtu. Huhitaji kusema hapana. Barabara inakusemea.

Na hapo, bila kumwita, akaja akilini kijana mmoja wa kanisa letu. Amenipa ruhusa niandike haya bila jina. Yeye ni mwendeshaji boda boda. Wiki 3 kabla ya safari aliniandikia saa 5:40 usiku: "Pasta uko? Nataka kuongea." Niliusoma ule ujumbe asubuhi nikiwa natoka. Nikamtumia ile mikono miwili ya maombi, na maneno haya: "Tuko pamoja katika maombi." Basi. Jumapili nilimwona kwa mbali, ameketi nyuma. Jumapili iliyofuata sikumwona, na sikuuliza. Nilimpa mkate na kiriba, nikamwambia aende.

Nilipunguza mwendo. Nikasimama. Nikatazama mita ya kilomita: 17 tangu nimpite yule mtoto. Kurudi 17, na kuja tena 17. Tunahubiri sana kuhusu toba na kugeuka. Siku ile niligundua kwamba kugeuka kunakula mafuta, kunakula muda, na unarudi ukiwa na aibu yote uliyokuja nayo. Niligeuza gari.

Mtoto hakuwepo.

Nilishuka. Joto lilinipiga kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Nikaita, sauti ikaenda hivyo. Chini ya mgunga mmoja, kama mita 50 kutoka barabarani, alikuwa ameketi mzee na mbuzi wake. Nikamwendea. Tukasalimiana, na salamu za kule si za haraka. Aliuliza kama natoka kwa amani. Kama kwetu kuna amani. Kama mvua imenyesha. Kama majani yapo. Kama mifugo yangu ni mizima. Nikamwambia nina kuku tu. Akanitazama kwa huruma ya kweli.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, kulikuwa na mtoto hapa, ana chupa."

Akasema, "Yupo. Amekwenda nyumbani. Lori lilisimama, likampa maji."

"Lori gani?"

"La mbuzi. Yule dereva husimama. Akipita, husimama."

Nilisimama pale sina la kusema. Kumbe ile hoja yangu ya mwisho ilikuwa kweli: mwingine alisimama. Dereva wa lori la mbuzi, ambaye jina lake silijui, dhehebu lake silijui, wala dini yake sikuuliza. Mungu alikuwa na mtu wake barabarani, na siku ile mtu huyo hakuwa mimi. Mtoto hakukosa maji. Aliyekosa ni mimi.

Nilimteremshia mzee katoni moja, na mtungi tukaumimina kwenye vyombo vyake. Alimnywesha kwanza mwanambuzi mmoja aliyekuwa mgonjwa, kwa kiganja, taratibu. Kisha akanywa yeye. Kisha akaniuliza swali, na hakuliuliza kwa ubaya, alitaka tu kujua:

"Magari yenu yanakimbia sana. Huko mbele kuna nini?"

Nilitazama barabara. Yale maji ya uongo yalikuwa bado yanang'aa palepale yalipokuwa. Nikamwambia, "Kuna mkutano, mzee." Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, ingawa sidhani kama jibu langu lilitosha. Hata mimi halikunitosha.

Nikaendelea. Baada ya Logologo barabara inaanza kupanda mlima Marsabit, na hapo unaona kazi ya Mungu wazi. Kutoka mchanga mtupu unaingia kwenye ubaridi, na juu kuna msitu wa kweli. Upepo wenye unyevu unaotoka upande wa bahari, ukikutana na mlima ule hupandishwa, hupoa, ukawa ukungu, na ukungu ule ndio unaonywesha miti. Katikati ya jangwa kuna msitu, kwa sababu kuna kitu kimesimama na kuzuia upepo usipite bure. Kama mlima haungekuwepo, unyevu ule ungepita juu ya mchanga na kwenda zake.

Marsabit simu ikafufuka. Ujumbe 63. Sikuusoma hata mmoja. Nilisimama kando ya barabara nikampigia yule kijana.

Akapokea. Tukasalimiana. Kisha akasema, "Pasta, nilidhani umenisahau."

Kulikuwa na majibu mengi tayari mdomoni. Kazi nyingi, safari, mambo ya ujenzi. Nikasema, "Nilikuwa nimekusahau. Nisamehe."

Alinyamaza. Nikasikia pikipiki zikipita upande wake. Kisha akaanza kuongea, na aliongea karibu saa nzima. Pikipiki yake ilikuwa imechukuliwa na waliomkopesha, akiwa amebakiza miezi michache kumaliza deni. Alikuwa hajamwambia mkewe. Kila asubuhi alivaa koti na kofia yake ya boda, akatoka nyumbani, akaketi sokoni hadi jioni. Usiku ule wa saa 5:40 alikuwa ameketi nje ya mlango wake, na mawazo aliyokuwa nayo sitayaandika hapa. Alikuwa amemwandikia mtu mmoja tu. Akajibiwa na picha ya mikono miwili.

Wapendwa, nililia kando ya barabara ya Marsabit, mtu mzima, malori yakipita.

Chakula cha saa 7 nilikila saa 10. Kutoka pale kwenda Moyale unapita Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi yaliyotapakaa mpaka macho yanachoka, hakuna hata mti wa kuonyesha umbali. Nilikwenda polepole. Nilifika saa 2 usiku. Niliwakuta watumishi wa Moyale wameketi, wameimba, wameombeana, chai iko kwenye chupa. Mmoja akasema, "Karibu Mchungaji, pole na safari." Ndilo jambo lililonifanya nikimbie 110. Lilikuwa linaningoja, na chai ilikuwa bado moto.

Niliporudi nilikwenda kwa yule kijana. Nilipeleka sukari na unga, nikakaa. Alikuwa amemwambia mkewe usiku uleule tulioongea, na haikuwa rahisi. Pikipiki haijarudi, nisiwadanganye. Ndugu mmoja wa kanisa amempa kazi ya siku chache kwa wiki, na kuna deni bado. Lakini haketi tena sokoni na kofia kichwani akijifanya yuko kazini. Na Jumapili amehamia viti vya mbele kidogo.

Sasa nikugeukie wewe, mpendwa. Mwanzo 21 haituambii kwamba Mungu alichimba kisima pale jangwani. Inatuambia alimfungua Hajiri macho, akakiona. Na kilio kilichofika mbinguni kilikuwa cha yule kijana aliyelazwa chini ya kichaka, yule ambaye mtu alijitenga asimtazame. Kwa hiyo ukiomba Mungu akufungue macho, ujue unachoomba. Anaweza akakuonyesha maji yaliyo nyuma ya kiti chako, na mtu uliyempita ukiwa nayo.

Nani amekuinulia chupa tupu mwezi huu? Dada yako aliyepiga simu mara 2 ukasema utampigia? Jirani aliyeacha kuja kwenye ushirika wa nyumbani? Mzazi wako kijijini anayesema "niko sawa tu" kwa sauti ambayo unajua si sawa? Usinijibu mimi. Kabla hujalala leo, mpigie. Usimtumie picha ya mikono. Na ukikuta mwingine alishasimama, shukuru, halafu rudi tu. Kurudi si kwa ajili yake peke yake.

Na mkisafiri njia ile ya kaskazini, bebeni maji ya ziada. Msitupe chupa dirishani gari likienda, maana watoto huruka barabarani kuziokota na ni hatari. Toka nje ya lami, simama kabisa, shuka, salimia. Mtachelewa kidogo.

Tuombe. Baba, utusamehe kasi yetu. Utusamehe majibu mafupi tuliyowapa watu wenye usiku mrefu. Asante kwa wale unaowasimamisha barabarani sisi tukipita, hata tusiowajua majina. Tupe macho, na utupe nguvu ya kugeuza gari. Katika jina la Yesu. Amina.

Mbarikiwe. Tuonane katikati ya wiki kwenye maombi. Nitafika mapema, nitakaa kile kiti cha nyuma kabisa. Mwenye jambo aje tuketi.

Mchungaji wenu.